Choo Cheusi Hakisemwi Mbele ya Bokilo

Nitaanza na choo, ili mwenye kuona haya aiweke karatasi hii chini sasa hivi. Mimi pia niliona haya, na haya ile ilitaka kunizika.

Naitwa Koko Melani, koko kwetu ni bibi. Niko Mangobo, hapa Kisangani, kwa binti yangu Vero na bwana yake Ramazani. Shule nilifika darasa la nne kwa masista kule Yanonge, halafu baba akasema samaki hawasomi, nikarudi mtumbwini. Kwa hiyo usinitafutie majina ya kidaktari. Nitasema yale mwili wangu uliyaona, na namna nilivyokawia. Wamama wa kanisa wananiuliza kila Jumapili, nimechoka kurudia, basi nimeandika.

Kwetu sisi watu wa mto, mama wa mke na mkwe wake wa kiume, yaani bokilo, hawakai kiti kimoja, hawali sahani moja, hawaitani majina. Mambo ya mwili ndiyo kabisa, hayatajwi. Ramazani ni mtu wa Kindu, Mwislamu, lakini kwao pia mama mkwe anaogopwa kama radi. Tulielewana bila kufundishana. Bwana yangu alipokufa na Vero akanileta kukaa kwao, Ramazani alianza kukohoa kila akifika kwenye uzio, na mimi nikisikia kikohozi nazunguka nyuma ya jikoni.

Kama kuna neno la kuambiana, tulilipitisha kwa watoto. Watoto wakiwa shule, yeye alisema na pikipiki yake. Ndiyo, pikipiki, ile anayobebea abiria. Anaipangusa pale uani na kusema kwa sauti:

"Wewe pikipiki, sijui kama mama alikunywa chai leo."

Na mimi jikoni nasema na sufuria:

"Sufuria, mwambie mwenye kuuliza, chai ilikuwa muzuri, ila sukari ilikuwa kidogo."

Kesho yake sukari imeongezeka. Tuliishi hivyo miaka, kwa amani. Nilimpenda kijana yule. Sikuwa na njia ya kumwambia ila kumwekea kipande cha samaki cha katikati, na kumkatalia Vero akitaka kukila.

Ugonjwa ulianza kipindi cha jua, baada ya Noeli. Njaa ikija, kunawaka hapa chini ya kifua kama makaa yaliyofunikwa na majivu. Nikila ndizi kidogo, kunapoa. Nikasema ni pilipili, nikaacha pilipili, kukaendelea kuwaka. Wakati ule magoti yalikuwa yananiuma sana, na nilikuwa nameza vidonge vya sokoni, vile vya rangi mbili ambavyo muuzaji anakufungia kwenye kipande cha karatasi. Magoti yakiuma sana naongeza. Hakuna aliyeniambia magoti na tumbo vina ugomvi, na mimi sikuuliza.

Halafu chakula kikaanza kunikataa. Vijiko vichache tu vya lituma ya ndizi, na mimi ndiye ninayeitwanga, tumbo linajaa kama la mtu aliyetoka arusini. Kikwembe changu cha kiunoni kilichozoea kunitosha vizuri kikawa kinazunguka na kubaki. Nikakifunga kwa nguvu, maana kikikaza tumbo, kuwaka kunapungua. Pete ya ndoa ikaanguka kwenye beseni la sombe, majani ya muhogo, na sikusikia mpaka mjukuu aliipata kwenye sahani yake.

"Mama, unakonda," Vero alisema.

"Uzee haunenepeshi."

"Tuende kwa muganga wa hospitali mbele sijapanda boti."

"Wende zako. Mbinzo hazingoji mutu."

Vero ni mfanyabiashara. Mbinzo, wale viwavi tunaowapenda hapa kuliko nyama, wakianza kuanguka msituni, yeye anashuka na boti mpaka Isangi kununua magunia. Basi akaenda. Na mimi nilikuwa nimemficha kitu.

Choo changu kilikuwa kimegeuka cheusi. Sisemi kijani kizito cha mtu aliyekula sombe, hicho nakijua, nimekula sombe maisha yangu yote. Hiki kilikuwa cheusi kama lami wanayomwaga barabarani, kinang'aa, kinanata, na harufu yake ilikuwa ya kitu kilichooza. Choo chetu ni cha shimo, ndani giza, mtu haangalii chini. Harufu ndiyo iliniangalisha. Nikajiambia: ni sombe. Siku nisiyokula sombe nikajiambia: ni sombe ya jana.

Vero hayuko, nyumbani tumebaki mimi, watoto, na bokilo.

Asubuhi moja nilikuwa natwanga, mchi ukawa mzito kama mti mzima, na miguu ikapotea. Nikakaa chini kando ya kinu. Ramazani alikuwa anavaa koti lake la kazi. Akaiinamia pikipiki.

"Wewe pikipiki, naona mama ameketi chini. Mutu hatwangi ameketi chini. Leo hatuendi kazi, tunaenda kwa muganga."

"Sufuria," nikasema, "mwambie mimi sipandi nyuma ya bokilo."

Maana nyuma ya pikipiki unamshika mtu kiunoni. Akafikiri kidogo, akatoka barabarani, akarudi na kijana wa toleka, wale wanaobeba watu kwa baiskeli. Nikapanda baiskeli. Ramazani akafuata pembeni na pikipiki, polepole kama mtu anayesindikiza maiti, na watu wa Mangobo wanapiga kelele:

"Papa motari! Pikipiki yako imekosa mafuta, ama imeogopa huyo mama?"

Kwenye kituo cha afya tulikaa kwenye benchi, mimi mwisho wa huku, yeye mwisho wa kule, katikati watoto wanaolia na mwanaume mmoja aliyekumbatia ndoo. Benchi la wagonjwa lina sheria zake. Unajua nani alifika kabla yako, unajua nani anajifanya kuzimia ili apite. Walipoita jina langu, Ramazani akasimama pia na mfuko wangu mkononi. Muuguzi, mama mnene mwenye sauti nzuri, akamwambia aingie, ajue namna ya kunipa dawa. Akafikiri ni mwanangu.

"Bon, maman. Tumbo inauma?"

"Kidogo."

"Unatapika?"

"Hapana."

"Choo iko namna gani? Haiko na damu? Haiko nyeusi?"

Ramazani alikuwa anaangalia ukuta. Masikio yake yalikuwa yamesimama kama ya mbuzi. Ningemwambia atoke? Kumwambia atoke ni kumwambia kuna kitu.

"Choo iko muzuri," nikasema.

"Sawa sawa?"

"Nimesema iko muzuri. Hata yako haifikie yangu."

Muuguzi akacheka, akanichoma kidole, akaniandikia dawa za malaria na za minyoo, akasema kizunguzungu kikizidi nirudi upesi. Hakukosa. Mtu anatibu kile anachoambiwa. Nikarudi nyumbani na dawa za ugonjwa wa mtu mwingine.

Mvua kubwa zikaanza. Boti ya Vero ikaharibika injini kule chini, akatuma ujumbe kwamba wanangoja kipande. Mimi kutoka kitandani mpaka jikoni nilikuwa napumzika njiani, nikishika ukuta. Moyo unapiga masikioni. Viganja vyangu vilikuwa vyeupe kama muhogo uliomenywa. Watoto wakinipa maji nasema aksanti na ulimi hautaki. Ramazani alirudi nyumbani kila mara, hana abiria, hana sababu, anakohoa kwenye uzio na kuuliza pikipiki swali lile lile. Sufuria ilijibu kwamba mama anaendelea vizuri.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, mvua inanyesha. Nilitapika mlangoni mwa jikoni. Kilichotoka kilikuwa kama machicha ya kahawa, na mimi sikuwa nimekunywa kahawa. Nikataka kukifunika na majivu asione. Nikaanguka na majivu mkononi.

Ramazani hakukohoa. Alikuja mbio, akaninyanyua, na kikwembe changu nusu kimefunguka. Nikafumba macho ili angalau mmoja wetu asione. Akamwita jirani, Mama Zawadi, ambaye alikuja na unga wa muhogo mpaka viwikoni. Wakanipandisha kwenye pikipiki. Ramazani akachukua kikwembe cha pili, akanifunga mgongoni kwake kama mama anavyofunga mtoto, na Mama Zawadi akapanda nyuma kunizuia nisianguke. Hivyo ndivyo nilivyopita Mangobo, mimi bibi mkali ninayewafokea watoto wa watu: nimebebwa mgongoni na bokilo.

Mvua inatupiga. Shavu langu liko kwenye koti lake. Nikamsikia anapaza sauti.

"Wewe pikipiki! Mwambie mama, niliona ametapika nyeusi. Kama choo pia iko nyeusi aseme sasa, docteur atauliza! Tena mwambie mimi sina mama mwingine hapa Kisangani!"

"Huyu anasema na nani?" Mama Zawadi akauliza. "Eh, munapandisha mimi na wazimu?"

Nilijua pale kwamba nikinyamaza, muganga ataniuliza tena mbele yake, nami nitajibu tena kwamba iko muzuri, na nitakufa na choo kizuri. Nikatafuta sufuria, hakuna sufuria.

"Ramazani," nikasema.

Pikipiki ikayumba. Sikuwahi kutaja jina lake tangu amuoe mtoto wangu.

"Iko nyeusi. Kama goudron, lami ya barabara. Tangu mbele Vero aondoke."

Nilisikia kifua chake kinapanda kwenye mikono yangu.

"Aksanti, mama," akasema. "Aksanti sana." Kama vile nimempa kitu.

Tulipofika hospitali kubwa, pale wanapopokea watu, benchi zimejaa. Ramazani hakungoja zamu. Alisimama katikati, mimi mgongoni, maji yanamtoka, akapiga kelele:

"Bokilo wangu iko na choo nyeusi kama goudron! Anatapika kama kahawa!"

Nilitamani sakafu inimeze. Kila mtu alinigeukia. Lakini mlango ulifunguka, wamama wawili wakaja na kitanda chenye magurudumu, na hakuna hata mmoja kwenye zile benchi aliyenung'unika. Neno lile nililolificha msimu mzima ndilo lilikuwa ufunguo.

Walisema nina kidonda ndani ya tumbo kinachovuja damu, na damu iliyobaki mwilini ni kidogo. Walitaka ya familia. Ramazani akakunja mkono wa koti. Wakapima, ikapatana na yangu. Nililala naangalia mfuko unaning'inia, damu ya mtu ambaye sijawahi kula naye meza moja inaingia mkononi mwangu tone kwa tone. Mimi si mtu wa kulia. Nilimwambia muuguzi ni jasho.

Siku za hospitali zinafanana. Nazihesabu kwa mifuko: ya damu, ya maji, halafu hakuna mfuko, halafu vidonge. Kitanda cha pembeni alikuwa mama mmoja wa Bafwasende, yeye alikuwa na mguu mbaya. Jamaa zake walimletea uji wa mchele, na bila kuniuliza aligawa kikombe chake nusu kwa nusu. Uji wa kwanza kukaa tumboni bila kuwaka! Nikimwomba Mungu, namtaja mama yule kabla ya pasta.

Vero alifika ananuka moshi wa boti, magunia ya mbinzo ameyaacha bandarini kwa watu. Alinishika miguu, akalia, halafu akanifokea.

"Mama, uliniambia ni uzee!"

"Ungebaki, ungepoteza mbinzo."

"Mbinzo! Nikuzike nile mbinzo?"

Nikamwambia anikune mgongo, akakuna.

Kaka yangu mkubwa, Papa Botuli, akapanda kutoka Yanonge na samaki wa kukausha na maneno makavu kuliko samaki. Alikuwa amesikia yote. Mama Zawadi hajui kunyamaza.

"Melani, umefungwa mgongoni mwa bokilo. Umemwambia mambo ya choo. Ndiyo sababu unagonjwa."

"Kaka, ugonjwa ulitangulia. Pikipiki ilikuja nyuma."

"Nitakurudisha kwetu, kuna muzee anajua mizizi."

Vero akasimama mlangoni, mikono kiunoni. "Tonton, huyu haendi fasi. Atapita juu ya mwili yangu."

Walizozana mpaka muuguzi akawatoa wote nje. Ramazani alikuwa amekaa koridoni, hataki kuingia tena, kichwa chini. Haya ilikuwa imemrudia mara tu hatari ilipopungua. Nilimwona kupitia mlangoni, nikaumia kuliko kidonda. Nikamwita kaka yangu arudi.

"Kaka, kwetu haya ya bokilo inaondolewa na nini?"

"Kuku," akasema, hataki. "Kuku mukubwa. Wote wawili wanakula sahani moja, mbele ya ukoo."

"Basi rudi Yanonge, utuletee kuku. Mizizi uache."

Kuku alikuja nilipokuwa nimesharudi nyumbani, mvua za mwisho wa mwaka. Sikuweza kula ila mchuzi na kipande laini. Ramazani alichinja mwenyewe kwa desturi yake, Vero alipika bila pilipili, Papa Botuli alisema maneno ya ukoo, marefu mno. Halafu tukatia mikono sahani moja, mimi na bokilo. Nikachukua paja nikaliweka upande wake. Akalirudisha upande wangu. Nikalirudisha. Vero akalichukua akalila yeye, akasema amechoka kungoja.

Kupona hakukuwa kwa siku moja. Nilimeza vidonge vya tumbo kabla ya chakula, na vingine vilivyofanya kila kitu kiwe na ladha ya msumari. Baadaye walinipitisha bomba jembamba lenye taa kooni. Ule mchezo siupendi. Nilikishika kidole cha Vero mpaka kikavimba. Wakasema ni kidonda tu, na kinafunga. Kile kingine nilichokuwa nakiogopa na sikukitaja kwa mtu, kansa, hakikuwemo. Dawa za magoti za sokoni walinikataza kabisa. Magoti bado yanauma. Natwanga nikiwa nimekaa kwenye kigoda, na anayecheka aje atwange yeye.

Sasa wamama, nisikilizeni. Tumbo kuuma siku moja kwa maharagi yasiyoiva, kuhara kidogo, hayo ni maisha. Kunywa maji yenye chumvi na sukari, pumzika. Lakini choo kikigeuka cheusi cha kunata, au kina damu, ukitapika damu au kitu kama machicha ya kahawa, usingoje kesho, nenda saa ile ile. Tumbo likiwa gumu kama ubao, macho yakizunguka ukisimama, nenda. Unakonda bila kutaka, chakula kinakwama, kunawaka kila siku, nenda pia, hata kama unatembea na unacheka. Usingoje boti ya mtu irudi. Waambie dawa zote unazomeza, hata zile za sokoni. Na wakikuuliza choo, jibu choo. Kama aliyekusindikiza anakufunga mdomo, sema: nataka kubaki na muuguzi peke yangu. Ni maneno machache tu. Mimi sikujua kwamba mtu ana ruhusa ya kuyasema.

Nilifikiri hadithi imeisha pale. Lakini juzi, jua limerudi, nilimwona Ramazani uani anapangusa pikipiki. Anapangusa mahali pamoja tu, mkono mwingine tumboni.

"Wewe pikipiki," akasema chini chini, "kuna mutu tumbo inamukata tangu siku ya soko."

Nikaacha sufuria, nikatoka.

"Pikipiki imechoka na habari zetu. Geuka, baba. Choo iko namna gani?"

"Mama..."

"Kuku tulikula bure?"

Akacheka, akashika tumbo, akacheka tena kwa uchungu. Nikachukua kikwembe changu kizuri na nikapanda nyuma yake, nikamshika kiunoni. Tulikaa kwenye benchi lile lile, safari hii bega kwa bega. Muuguzi alikuwa yule yule mama mnene. Alinitambua, macho yakamtoka kidogo.

"Bon. Leo mugonjwa ni papa. Choo iko namna gani?"

Ramazani akaangalia ukuta.

"Choo iko mu..."

Nikamkanyaga mguu.

"Iko na damu," akasema. "Na kamasi. Siku ya tatu."

Muuguzi akaandika. Halafu akainua kalamu, akanitazama mimi.

"Na yako, maman?"

"Manjano," nikasema, kwa sauti ya kutosha benchi lote.